Fimbo ya Mhina

Ng'ombe wa Magige walirudi nyumbani wenyewe jioni ile, na walirudi kimya. Ghati, mkewe, alikuwa barazani akichekecha unga wa hina, na mwanzoni hakujali. Ng'ombe kurudi wenyewe si ajabu kijijini Kenyamonta. Mwenye ng'ombe akikutana na rafiki njiani, maongezi yananoga na mifugo inajiongoza. Kilichomfanya aweke chekecheke chini ni mstari. Walikuja mmoja nyuma ya mwingine, vichwa chini, hakuna aliyechepuka kuramba majani ya mpakani, hakuna ndama aliyelia. Hata yule jike mkorofi mwenye pembe moja, ambaye hajawahi kupita langoni bila ugomvi, aliingia zizini mpole kama mtu aliyetoka kuungama.

Nyuma yao hapakuwa na mtu. Palikuwa na mluzi tu, mfupi, wa mtu anayeijua kazi yake.

Magige akafika baadaye akihema, shati limelowa. "Umewarudisha wewe?"

"Mimi niko hapa tangu mchana."

"Nilikuwa nanawa uso mtoni. Kugeuka, hawapo. Na fimbo yangu haipo."

Fimbo ilikuwa langoni, imeegemezwa vizuri kwenye nguzo. Ghati akaichukua ampe mumewe, akaiachia haraka. Pale pa kushikia palikuwa na jasho, na jasho lenyewe lilikuwa bado lina joto.

Ghati alijua fimbo ile imetoka wapi, na kwa siku kadhaa alikuwa akijifanya hajui.

Nyuma ya nyumba yao alikuwa na shamba la mihina. Mbegu ya shamba lile aliipata kwa Bi Adija, mwenye duka la hina, udi na viungo mjini Mugumu, mama ambaye wazee wake walitoka pwani na kuhamia huku na biashara yao. Bi Adija ndiye aliyempa vipande vya kupanda, akamfundisha kuvitunza: vianze kivulini mpaka vishike mizizi, visimwagiwe maji kwa pupa, na palizi isichelewe. Akamwonyesha kuvuna kwa kukata juu ya goti ili kichaka kichipue tena, na kuanika majani ndani, maana jua likiyapiga rangi inakufa na dawa inakufa nayo. Akina mama wa Mugumu walinunua kwa ajili ya harusi. Wengine walipaka nyayo zinazowaka moto, au fangasi za vidoleni, au kichwa kinachogonga. Ghati akawa na kazi yake mwenyewe, na majirani waliomcheka kwamba analima vichaka wakaanza kumwomba vipande.

Kulikuwa na sharti moja. Kichaka mama, kile cha kwanza kabisa, kilikuwa na tawi ambalo halikatwi. "Mengine vuna yote," Bi Adija alimwambia. "Hilo liache likue linavyotaka. Lina mwenyewe."

Ghati ni Mkatoliki, mwimbaji wa kwaya tena. Alicheka moyoni, lakini alilitii sharti, kwa sababu tawi moja halimpunguzii mtu kitu. Mvua ikaja ikaenda, mavuno yakaja yakaenda, na tawi lile likazidi kurefuka, limenyooka, halina fundo.

Sasa mwonyeshe mwanaume wa huku kijiti kilichonyooka uone kama atalala. Magige alikulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, na mkono ulikuwa unamwasha kila akipita pale. Siku Ghati alipokwenda mazoezi ya kwaya, akalikata. Akalimenya gome, akalikausha juu ya moto wa kinyesi cha ng'ombe, akalisugua kwa samli mpaka likang'aa. Ghati aliporudi na kukuta kisiki kinavuja maji mekundu, alimfokea mumewe. Kisha akafanya kosa lake mwenyewe: alikisiliba kisiki kwa udongo, akanyamaza. Hakutaka Bi Adija ajue akaidai mihina yake.

Baada ya jioni ile ya mstari, harufu ya maua ya mhina ikaingia nyumbani. Ilikuwa tamu na nzito, ikikaa kooni, na shambani hapakuwa na ua hata moja kwa sababu Ghati alikuwa amevuna kila kitu. Kisha kuku wakaanza. Adhuhuri, jua likiwa utosini, walitoka chini ya ghala wakazunguka uwanja kwa mstari, jogoo mbele, vifaranga nyuma, wakaingia bandani mchana kweupe. Magige akacheka, akasema kuku wa Ghati nao wamejiunga na kwaya. Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya mbwa wao. Mbwa alizungushwa uwanja mzima, mkia katikati ya miguu, akijikunja kila baada ya hatua chache kama anayechapwa, na hapo Magige hakucheka tena.

"Baba Vero," Ghati alimwambia kwa sauti ya chini wakiwa jikoni, "irudishe ile fimbo."

"Niirudishe wapi? Tawi likishakatwa limekatwa."

"Basi tumwambie Bi Adija."

"Tumwambie kwamba tunaogopa kijiti?" Lakini alisema hivyo akiangalia mlango.

Veronika, binti yao wa pekee, alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni ya mafiga. Alikuwa bado hajaanza shule, mtoto wa maswali, asiyetulia. Wakati wazazi wanabishana aliinuka. Hakusugua macho, hakumwita mama. Aliinamisha kichwa, akapita kati ya baba na mama kana kwamba ni miti, akatoka nje.

"Vero."

Hakugeuka. Magharibi ilikuwa imeingia, mwanga umebaki kidogo upande wa mbugani, na Ghati alipomfuata aliona mtoto anatembea kuelekea langoni kwa mwendo ambao haukuwa wake, mwendo wa ndama aliyezoea njia, na kila akitaka kuelekea kushoto bega lake la kushoto lilishtuka akarudi katikati, na kila akisita mgongo ulishtuka akaendelea, na nyuma yake, pale ambapo vumbi lilipaswa kutulia, vumbi lilikuwa likiinuka kwa hatua za miguu mipana isiyoonekana, na ule mluzi mfupi ulikuwa ukilia taratibu, bila hasira, kwa subira ya mtu aliye kazini.

Ghati alikimbia akamkumbatia. Mtoto alikuwa mzito kuliko mawe. Magige akaja, wakamvuta wawili, wakamwingiza ndani, wakafunga mlango kwa komeo. Walipomvua gauni walikuta mistari kwenye mabega, myekundu ya hina iliyokolea, haifutiki kwa maji wala kwa mafuta.

"Nani amekuchapa, mama?" Ghati alimuuliza.

"Hachapi," Veronika akasema kwa kusinzia. "Ananiswaga tu. Amesema kesho tutafika."

"Mfike wapi?"

Mtoto alikuwa ameshalala.

Magige alichukua fimbo akaitupa motoni. Ikatoa sauti ya nyama inayokaangwa, na Veronika akapiga kelele usingizini, ngozi ya mgongo ikaanza kuvimba malengelenge mbele ya macho yao. Ghati aliingiza mikono kwenye makaa akaitoa fimbo. Viganja vyake viliungua. Fimbo haikuwa hata na doa la moshi.

Alfajiri akapanda bodaboda hadi Mugumu, mikono imefungwa vitambaa. Bi Adija alikuwa ndiyo kwanza anafungua duka.

"Shikamoo, Bi Adija."

"Marahaba, mwanangu. Mikono ina nini?"

Ghati akalia. Alieleza yote, hata udongo alioupaka kwenye kisiki, na Bi Adija alimsikiliza akiwa ameshika kufuli mkononi, hakumgombeza. Alipomaliza, mama yule alilifunga tena duka. "Mimi najua kupanda tu," akasema. "Haya mengine tukamwite kaka yangu."

Kaka yake, Hamim, alikuwa fundi cherehani mwenye ndevu nyeupe, anayewasomea watu dua pale nyuma ya duka lake la nguo. Hakutaka kwenda, wakambembeleza mpaka mchana. Alipoambiwa kwamba tawi lilitengenezwa fimbo ya ng'ombe, si kitu kingine, aliuliza mara mbili kama ni kweli. Kisha akachukua msahafu wake na kitambaa cheupe.

Walifika jua likishuka. Veronika alikuwa amefungwa kiunoni kwa khanga, ncha nyingine imeshikwa na baba yake, kwa sababu tangu mchana alikuwa akivuta kwenda langoni. Hamim hakuomba hata maji ya kunywa. Aliwapeleka wote shambani, kwenye kichaka mama, akafukua udongo. Kisiki kilikuwa bado kinavuja.

"Simika fimbo hapo," akamwambia Magige. "Mhina huota kwa kipande. Tumwombe mwenyewe apokee."

Magige akasimika. Hamim akaanza kusoma. Upepo ukakata. Harufu ya maua ikawa nzito hadi Bi Adija akajifunika pua kwa mtandio. Veronika, aliyekuwa amekaa chini, akainua kichwa, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtoto wala ya mwanamke. Ilikuwa ya mwanaume aliyechoka.

"Imepitishwa motoni," ikasema. "Imepakwa samli. Kuni itaota?"

Hamim akaacha kusoma. "Wewe ni nani?"

"Nilikuwa nimelala. Tawi lilikuwa kitanda changu, sina neno na mtu. Huyu akakifanya kitanda changu fimbo. Fimbo ina kazi moja."

"Tutakupa mbuzi. Tutakupa tawi jingine, halitaguswa."

"Nilikuwa sijui kuchunga," sauti ikasema, na ilikuwa na furaha ndani yake, na furaha hiyo ndiyo iliyomtisha Ghati kuliko yote. "Sasa najua. Ng'ombe ni wajinga, kuku ni wajinga zaidi. Huyu mdogo anaelewa. Huyu naenda naye."

Khanga ikakaza. Mtoto alikuwa amekaa bila kujisogeza, lakini alikuwa akiburutwa juu ya udongo, kisigino kikichora mfereji, na Magige aliyekuwa ameshika ncha ya pili akaburutwa naye, na Ghati akamrukia mwanawe akamshika kiuno kwa viganja vile vilivyoungua, akahisi ngozi inachanika na hakuachia, na Hamim akasoma kwa sauti mpaka ikakwama, na Bi Adija akaitikia huku analia, na mluzi ukapiga karibu na sikio la kila mmoja wao, na mihina yote ya shamba zima, visiki vilivyokatwa juu ya goti, ikalala upande wa lango kana kwamba nayo imeswagwa, na bado walikuwa wanakwenda, hatua kwa hatua, wote watano na yule wasiyemwona, hadi Magige akaiachia khanga.

Alisimama mbele ya mwanawe, akafungua mikono, kama mtu anavyoziba njia ya ng'ombe.

"Aliyekata ni mimi," akasema. "Mwache mtoto. Unataka anayeelewa, mimi naelewa. Nimeishi na ng'ombe maisha yangu yote."

"Usiseme hivyo," Hamim akanong'ona. "Wewe bwana, usimwahidi."

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Kila kitu kikaacha kuvuta kwa pamoja, wakaanguka. Fimbo ikadondoka kutoka kwenye udongo, kavu, nyepesi, kijiti cha kawaida. Veronika akapiga chafya, akauliza kwa nini wamekaa chini wote.

Walimsubiri Magige apatwe na jambo. Hamim alimwekea mkono kichwani akamsomea tena kwa muda mrefu. Magige alisema yuko sawa, amechoka tu, na kweli alikuwa sawa: alikula ugali, alimbeba mwanawe, alimtania Hamim kwamba kwa sauti ile angefaa kwaya. Hamim aliifunga fimbo kwenye kitambaa cheupe akaizika chini ya kichaka mama, kisha yeye na dada yake wakalala kwa jirani. Ghati alilala amemkumbatia Veronika, mistari ya mabegani imeshafifia, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka usingizi ukamchukua. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakusikia harufu yoyote.

Asubuhi Veronika aliamka akidai uji. Akanywa, akadai mwingine, akauliza kwa nini mawingu hayana miguu. Ghati alicheka huku machozi yanamtoka. Akageuka amwite mumewe aje aone. Kitanda kilikuwa kitupu upande wake.

Alimkuta zizini. Magige alikuwa amekaa katikati ya ng'ombe, miguu ameikunja chini yake, umande umemlowesha nywele na mabega. Uso ulikuwa mtulivu. Alipomwona mkewe alitabasamu, tabasamu lake lilelile la siku zote.

"Vero amepona," Ghati akamwambia. "Anakunywa uji. Njoo umwone, Baba Vero."

"Nashukuru," akasema, na machozi ya kweli yakamlengalenga. Kisha akaangalia ng'ombe wa kulia na wa kushoto, akashusha sauti wasimsikie. "Mama Vero, wewe uko huko nje, labda umeambiwa. Leo tunapelekwa malisho ya upande gani?"

Ng'ombe wote wakasimama kwa pamoja, na Magige akasimama nao.