Korosho za Alasiri

Kila alasiri, Kipepeo alipotoka shule, alimkuta baba yake kibarazani, kajinyoosha kwenye kiti. Binti huyo aliitwa Kipepeo kwa sababu mawazo yake hayakutulia mahali pamoja. Baba alikuwa fundi wa kupaka rangi, lakini magoti yalimuuma, na daktari alimkataza kupanda ngazi mpaka apunguze uzito. Basi akaacha mkate, wali na viazi, akabaki nyumbani.

"Mwanangu, lile wingu lina rangi gani?"

"Jeupe, baba."

"Tazama vizuri. Pembeni lina waridi, chini kijivu. Hebu lete korosho tulitazame vizuri."

Kipepeo alileta bakuli la korosho za kukaanga. Walitafuna huku mawingu yakielea taratibu juu ya mabati, na kabla hawajajua, bakuli likawa tupu. Akalijaza tena. Alitamani alasiri hizo zisiishe.

Siku ya kliniki, Kipepeo alimsindikiza baba, na mshale wa mizani ulipita hata pale pa zamani. Baba alinywea.

"Nesi, haki ya Mungu, mkate sijagusa!"

"Nakuamini. Unakula nini basi?"

"Mayai, mboga, nyama kidogo."

Kipepeo alimtazama baba. Akisema, atamwaibisha baba. Asiposema, baba hatapona.

"Na korosho," alisema kwa sauti ndogo. "Bakuli zima. Mimi ndiye ninayemjazia."

Baba alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Nimeumbuliwa na damu yangu mwenyewe!"

Nesi naye alitabasamu. "Kupunguza wanga si vibaya, wengine hushiba upesi, wakala kidogo. Lakini kalori, yaani nguvu iliyomo kwenye chakula, haziendi likizo. Korosho ni nzuri, ila zina mafuta, na mafuta yana kalori nyingi kuliko wanga. Usizozitumia, mwili huziweka akiba."

Tangu hapo walikula korosho za kujaa kiganja tu, kisha wakatembea hadi darajani wakibishana kuhusu rangi za kuta. Uzito ulishuka polepole, na mvua zilipokatika, daktari alimruhusu kurudi kazini.

Asubuhi ya kwanza, Kipepeo alimshikia ngazi.

"Mimi niliangalia nilichoacha, nikasahau nilichoongeza," baba alisema kutoka juu. "Wewe ulisema kweli ingawa uliona haya. Uwe hivyo hivyo, mama."

Akachovya brashi, na rangi ya bluu ikaanza kutanda ukutani.