Soli Isiyogeuka

Mchana ule mlango wa soko ulikuwa haupitiki. Katika kusukumana, kijana mmoja alikanyagwa kisigino, akavuta mguu, na soli ya kiatu chake ikabaki nyuma. Ilibaki mbele ya kibanda cha fundi viatu, binti mwenye gauni la kijani na aproni ya ngozi, aliyeachiwa kazi na baba yake alipozeeka.

"Kaka, umeacha kitu," fundi alimwita.

Akakipokea kiatu, akakigeuza. Kilikuwa chepesi, cha turubai jeusi, na soli yake nyembamba imelika pahali pamoja tu, chini ya dole gumba.

"Hiki umekivaa au umekisaga?"

"Ni cha kungfu, dada. Nafundisha pale juu ya duka la rangi. Kutwa tunazunguka juu ya mguu mmoja."

"Basi uhurumie, mguu wenyewe ndio huo."

Kesho yake yule Mwalimu wa kungfu akaleta kiatu cha pili, kizima kabisa. Fundi aliona, akakishona hivyo hivyo. Mapenzi ni kikohozi. Soko zima lilijua kabla wenyewe hawajaambiana.

"Umekula?" fundi angeuliza kwenye simu.

"Bado, laazizi."

"Laazizi wa nani?"

"Wa fundi mmoja mkali hivi, humjui."

Tatizo lilikuwa viatu. Kila baada ya muda mfupi vilirudi vimetoboka palepale, na kwa fundi kazi inayorudi ni aibu. Mashindano yalipokaribia, akakata mpira wa tairi wenye meno, akaushona kwa uzi wa nta, mishono miwili miwili.

"Hivi hutavimaliza mpaka tupate wajukuu!"

Mwalimu alivivaa, akakanyaga sakafu, akachelewa kidogo kutabasamu. "Umeniweza, mpenzi."

Siku ya mashindano iliingia simu ya dada yake Mwalimu, na haikuwa na salamu. "Wifi, kaka kategua goti! Kageuka apige teke, mwili ukaenda, mguu ukang'ang'ania chini. Ulimwekea nini kwenye viatu?"

Fundi alikata simu. Akampigia Mwalimu, simu haikupatikana. Ilikuwa imeisha chaji hospitalini. Fundi akaona amechukiwa, akazima ya kwake. Mwalimu alipopata chaji na kupiga, akakuta imezimwa, akaona ameachwa: nani anamtaka mwalimu wa kungfu anayetembelea magongo? Wakanuna hivyo, kila mtu kwake. Fundi alijichoma sindano vidole vyote. Alimpenda yule mtu, na aliogopa kwamba mikono yake ndiyo iliyomharibia kazi.

Mwisho akapiga moyo konde. Akafunga kibanda, akachukua chupa ya chai kama aliyozoea kumpelekea, akapanda ngazi za duka la rangi. Alimkuta Mwalimu peke yake ukumbini, kakaa kitini, mguu umenyooshwa na bandeji.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema, akimmiminia chai. "Sikujua."

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilipokanyaga tu. Kungfu inataka soli laini, ikubali kugeuka. Inaliwa soli ili goti lisiliwe."

"Mbona hukusema?"

"Ulifurahi mno. Nikaona nivumilie."

Fundi alipandwa na hasira ya kweli. "Mficha maradhi kilio humuumbua! Nimekesha nikijilaumu, kumbe bwana alikuwa ananionea huruma? Sitaki kupendwa hivyo. Kazi yangu ikiwa mbaya, niambie ni mbaya!"

"Nisamehe, roho yangu."

Chini, mtu alikuwa anabishania bei ya rangi.

"Nitakuwekea nyembamba," fundi alisema hatimaye. "Zikitoboka, nashona tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uchoke kuzileta."

"Basi nikuoe nisihangaike na ngazi. Nasema kweli. Utakubali?"

Fundi hakulainika. "Kwanza niambie jambo moja ambalo umekuwa ukinificha. Sasa hivi."

Mwalimu alitazama kikombe, akatazama dirisha.

"Chai yako, mpenzi. Sukari imezidi. Tangu tujuane naimwaga."

"Unaimwaga wapi?"

"Dirishani."

Fundi alimkazia macho, kisha akakichukua kikombe mkononi mwake, akaenda dirishani, akaimwaga mwenyewe.

"Njoo nyumbani umwone baba," alisema. "Na usimwambie ulikuwa unaimwaga, chai ananipikia yeye."