Ankara Ndani ya Atlasi

Kila jioni Chiriku alimkuta mama yake kwenye meza ya chakula, kompyuta mbele yake na kikombe cha chai iliyopoa pembeni. Mama alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Hakuwa na ofisi wala bosi. Aliwaandikia watu hadithi na makala za afya, na kazi ikikamilika aliandaa ankara, yaani karatasi ya kudai malipo. Ankara isipomfikia mhasibu, hakuna malipo, hata kazi iwe nzuri namna gani.

Chiriku, binti wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa tarishi wa nyumba. Jina la Chiriku, ndege mpiga kelele, alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Kampuni ya vitabu ilikuwa mtaa wa pili kutoka shuleni kwake, na ilitaka ankara za karatasi. Alizipeleka baada ya masomo pamoja na daftari dogo la kijani, ambamo karani wa mapokezi alitia sahihi kuonyesha kuwa amepokea. Karani alikuwa mzee mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Mjukuu wangu," alizoea kumuuliza, "leo redio imewashwa au imezimwa?"

"Imewashwa, babu," Chiriku alijibu, kisha akammwagia habari zote za darasani.

Siku moja, akiwa na ankara mkobani, aliwakuta wenzake wakiruka kamba uwanjani. Akasema moyoni ataruka kidogo tu. Kidogo kikazaa kingine, na alipofika ofisini mlango ulikuwa umefungwa.

"Umeifikisha ankara?" mama aliuliza usiku ule.

"Nimeifikisha, mama."

"Haya, niletee daftari baadaye."

Chiriku aliingia chumbani, akazitazama sahihi za karani, akaiga moja chini yake. Alikusudia kuipeleka ankara kesho yake. Lakini kesho ilipofika aligundua kwamba karani akifungua daftari ataiona sahihi ambayo hakuitia. Uongo wake ulikuwa umemzibia njia. Akaificha ankara ndani ya atlasi, akajikausha kama hakuna lililotokea.

Mwezi ukaisha bila malipo kuingia. Mama alimpigia simu mhariri wa kampuni, rafiki yake wa miaka minane. Walianza kwa salamu na vicheko, wakaishia kwa maneno makavu.

"Msiniambie hamjaiona," mama alisema. "Sahihi ya karani wenu ninayo hapa."

Siku mbili baadaye mhariri alipiga tena. Mama alisikiliza, akaiweka simu mezani taratibu.

"Maskini yule mzee," alisema. "Anasema hakumbuki kabisa kuipokea. Wakubwa wake wanaona macho yamemchoka, labda wampumzishe. Na mimi ndiye niliyewapa ushahidi."

Chiriku aliisukuma sahani yake kando. Alimpenda yule mzee, na kumfikiria akiondoshwa pale mapokezi kwa kosa lisilo lake kulimuumiza sana.

"Mbona nyumba kimya leo?" mama aliuliza. "Unaumwa?"

Chiriku aliinuka, akarudi na atlasi. Aliifungua mbele ya mama, na bahasha ikadondoka.

"Sahihi ile niliiandika mimi, mama. Nilikwenda kuruka kamba, nikachelewa." Akaanza kulia.

Mama aliiokota bahasha, akaigeuza mkononi. Alikuwa amekasirika, na Chiriku aliliona hilo. Kisha akavuta stuli na kumkalisha karibu yake.

"Kesho asubuhi tutakwenda wote," alisema. "Lakini atakayesema ni wewe."

Asubuhi karani alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake na kuipangusa.

"Nimetafuta karatasi hiyo katika kila kabati," alisema polepole. "Mpaka kwenye pipa la taka. Nikaanza kuamini kwamba nimezeeka kweli, sifai tena."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko kiboko. "Nisamehe, babu," alisema huku machozi yakimtoka.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Sasa twende ukamwambie mhariri, maana huko ndiko nilikochafuliwa jina."

Chiriku alisema yote mbele ya mhariri. Mama naye aliomba radhi kwa ukali wake. Ankara ilipokelewa siku hiyo, lakini malipo yalitoka mwisho wa mwezi uliofuata, kwa hiyo safari yao ya kwenda kwa shangazi wakati wa likizo ikaahirishwa. Chiriku hakunung'unika hata mara moja.

Pesa zilipoingia, mama alimwita mezani.

"Mwanangu, sisi tunaojitegemea mtaji wetu ni kuaminika. Mteja hutulipa kwa sababu anaamini karatasi yetu inasema kweli. Kuchelewa ni kosa dogo, hata mimi huchelewesha kazi. Ungeniambia jioni ile ile, tungecheka na kulala. Ulipolificha, ukamtwika mtu mwingine asiye na hatia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini inaweza kumuumiza mtu kabla haijaisha."

Kisha akampa bahasha mpya na daftari la kijani.

"Bado unaniamini, mama?"

"Uliileta atlasi mwenyewe, hukushikwa. Nakuamini."

Mchana ule Chiriku aliwapita waruka kamba bila kusimama. Karani alipokea ankara, akatia sahihi yake, kisha akamtazama juu ya miwani.

"Haya, leo redio imewashwa au imezimwa?"

"Imewashwa, babu," Chiriku alisema, na mzee akamvutia kiti.