Siku Mbili Tupu za Luqman

"Ng'ombe amekata kamba. Narudia, ng'ombe amekata kamba."

Najat alifunga breki. Pikipiki yake, Boxer, ilisota kwenye vumbi la Omurushaka, kuku wakatawanyika.

Alijua maana ya fumbo lile la redioni. Cleophace ametambuliwa.

Tangu asubuhi ajenti mwenzake huyo alikuwa juu ya Fuso la magendo, akijifanya kuli wa magunia ya kahawa. Sasa wangemmaliza mara tu lori litakapopakuliwa.

Wapi?

Alikaa kwenye kizingiti cha duka, akafungua kompyuta yake ya ThinkPad. Redio ilikoroma.

"Najat, Elpidius hapa. Tumeshazingira Kaisho. Naona migomba na mbuzi tu."

"Nisubiri, afande."

Wale watu wa magendo hawakupigiana simu. Walicheza gemu. Luqman, muuza simu wa Kayanga, aliingiza skripti, programu fupi ya lugha ya Lua, ndani ya gemu la vita. Dereva akiandika namba ya siku ya wiki, skripti inatafuta kwenye jedwali, na bendera nyekundu inasimama mahali pa kupakulia. Siku isiyo na kituo, bendera inakwenda Kaisho. Geresha tupu.

Najat aliiba nakala ya skripti. Tena akabadili mstari mmoja, kompyuta ijisomee kalenda yenyewe asihangaike kuandika namba. Alijisifu sana kwa ujanja ule.

Wakavizia Kaisho Jumamosi. Patupu. Leo Jumatatu, bendera iko Kaisho tena.

Mstari unaochagua kituo, au Kaisho kisipokuwepo, ulikuwa mfupi:

kituo = njia[siku] or "Kaisho"

Aliiamuru kompyuta imwoneshe ilichokuwa inatafuta. Siku: mbili. Kituo: nil, yaani hakuna kitu.

Alilifungua jedwali lote. Namba mbili haikuwepo. Namba saba iliandikwa false, yaani hapana. Siku nyingine zote zilikuwa na vituo.

Basi skripti haikuwa mbovu. Ilikuwa inajibu swali aliloiuliza. Mbili ilikuwa leo; saba, Jumamosi ile. Lakini kwa nini mtu wa magendo apumzike Jumatatu na Jumamosi?

"Wewe binti, kuku wangu wamekukosea nini?"

Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yake, ungo wa kahawa ya maganda mkononi.

"Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba. Kama umekuja kununua kahawa, ndiyo kwanza naianika. Jana nani angeianika? Jumapili wote tulikuwa kanisani. Hata wale wa lori hawaji, wanajua hawatamkuta mtu."

Najat aligeuka polepole.

Jumapili hakuna mkulima wa kuuza. Na Ijumaa? Duka la Luqman linapakana na la baba mdogo wa Najat. Ijumaa Luqman hulifunga, huvaa kanzu nyeupe, hukaa safu ya mbele msikitini. Mnafiki mkubwa!

Siku mbili tupu zilikuwa Jumapili na Ijumaa. Luqman alihesabu wiki kama inavyohesabiwa nyumbani kwao: Jumamosi moja, Jumapili mbili, Jumatatu tatu, mpaka Ijumaa, ya saba. Kompyuta ilianza na Jumapili, ikabaki nyuma kwa siku moja.

Kosa ni lake. Cleophace angekufa kwa sababu yeye aliona uvivu kuandika tarakimu moja.

Kwa leo ilitosha kuandika: siku + 1.

Bendera ikahama.

"Afande! Kituntu! Lori liko Kituntu!"

"Najat, sisi tuko mbali mno."

"Najua."

Mama mwenye duka aliachiwa vumbi.

Kituntu, kwenye mteremko wa mashamba, alizima injini, pikipiki ikaserereka kimya. Fuso lilikuwa limejificha kati ya mibuni. Makuli wawili walikuwa wanashusha magunia. Cleophace alikuwa amepigishwa magoti, mikono imefungwa kwa kamba ya katani.

Luqman alimwelekezea bastola kisogoni.

Najat alichomoa bastola yake ya Glock.

Risasi moja.

Luqman alipiga yowe, akaukamata mkono wake. Bastola iliangukia kwenye majani makavu. Makuli walitimua mbio migombani.

"Lala chini! Kifudifudi!"

"Najat? Mtoto wa jirani?" Luqman alihema. "Mwanangu, tuelewane."

"Lala, mzee Luqman. Ijumaa hii watasali bila wewe."

Alimfunga pingu, akamzungushia kitambaa jerahani. Kisha akakata kamba ya Cleophace.

"Luqman ameniambia askari wote wako Kaisho," Cleophace alisema kwa sauti iliyokauka. "Nilishajiaga mwenyewe."

"Nusura nikupoteze mimi. Nilikosea siku."

Cleophace alisimama, akajipangusa magoti.

"Lakini umefika Jumatatu."

Redio ilikoroma. "Najat! Hali ikoje?"

"Magunia yote yapo, afande. Na mtu wetu anapumua."

Alirudisha bastola kiunoni, akamwachia Cleophace amlinde Luqman, akaisukuma pikipiki kupanda mteremko kuwapokea wenzake, bila haraka.