Kadi ya Babu Hamidou

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nilimpa babu yangu Hamidou vidonge vyake, kisha nikamtilia kwenye mfuko wa shati kadi aliyoandikiwa kwa Kifaransa na hospitali ya kwetu. Babu hasomi Kifaransa, hivyo msomaji wake ni mimi, Mounira. Mwaka jana, huko India, madaktari walimwekea kilango kipya cha moyo, yaani vali. Hawakumpasua kifua, walikipitisha kwa mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja. Kadi ilisema wazi: asing'olewe jino kabla ya daktari kumpa dawa ya kukinga moyo na vijidudu.

Siku moja jino lilimuuma, akataka nimsindikize kwa Mzee Roger, mng'oa meno wa bandarini.

"Babu, kadi inakataza," nilisema.

"Wakati ya vita hakukuwa hata dokta moja hapa Kindu. Roger njo alikuwa anatutoa meno sisi wote. Nani alikufa? Usimwambie baba yako, mama."

Nikamsindikiza. Jino lilitoka upesi, tukarudi nyumbani, mtaa wa Mikelenge, tukicheka.

Baada ya wiki mbili, homa ikampanda. Baba alidhani ni malaria, akamnunulia dawa. Homa ikashuka, ikarudi. Babu hakuweza kufika msikitini bila kupumzika mara tatu njiani. Aliponitazama nilijua ananiomba nini, nami nikaendelea kuficha, siku kumi nzima. Najuta hadi leo.

Alipoanza kutweta hata akiwa amelala, nilimweleza baba yote. Tulimkimbiza hospitali. Dokta Émilienne aliisoma kadi, akamsikiliza moyo, akampima damu.

"Vijidudu viliingia kwa kidonda ya jino, vikashika kile kilango," alisema. "Atapona, lakini mumechelewa."

Babu alitiwa dawa kwenye mshipa kwa wiki sita. Homa iliisha, ila kilango kilikuwa kimeharibika kidogo. Yeye aliyefanya kazi relini na kwenda stesheni kila treni ilipofika, sasa husikiliza honi akiwa amekaa mlangoni. Ninaposikia honi hiyo, moyo huniuma.

Siku ya kutoka hospitali nililia, nikamwomba radhi.

"Mounira," Dokta Émilienne aliniambia, "mutu mukubwa akikuomba ufiche kitu inaweza kumuua, usifiche. Kusema siku ileile njo kumuheshimu."

"Ni mimi nilimufunga mutoto kinywa," Babu alisema, akiinamisha kichwa.

Jioni hiyo Mzee Roger alikuja nyumbani kumjulia hali. Babu alinipa kadi.

"Soma kwa sauti," alisema. "Roger naye asikie."