Vigingi vya Asteria

Kila asubuhi Asteria, mwanafunzi wa darasa la sita, alishuka korongoni na ndoo, kisha akapanda nayo kilima hadi shuleni. Shule yao, mlimani juu ya Same, haikuwa na bomba. Kila mwanafunzi alibeba maji.

Jumatatu moja saruji na mabomba vilifika kutoka Same mjini. Jioni wanakijiji walikutana. Mzee Sadock, mwenyekiti wa kamati ya maji, akanyoosha mkono ng'ambo ya bonde.

"Tangi litajengwa pale. Alhamisi tunachimba msingi. Maji yatateremka yenyewe hadi shuleni."

Asteria akasimama. "Shikamoo, babu. Pale ni chini kuliko shule. Maji hayatafika."

Watu wakaguna.

"Marahaba. Nimeishi hapa miaka sabini," alisema Mzee Sadock. "Macho yangu yanaona pale ni juu."

"Mlima ulio nyuma ya shule unatudanganya, babu. Unafanya shule ionekane iko chini."

"Asteria! Muombe babu radhi," mama yake, Esta, alimkemea.

"Namuomba radhi kwa kumkatiza, mama. Kwa nilichosema, hapana."

Kesho yake baada ya masomo aliazima mpira mrefu mwangavu wa maji wa mjomba wake Wilbard, fundi mwashi, ambao huutumia kusawazisha misingi. Ukijazwa maji, maji husimama kwenye kimo kilekile katika ncha zote mbili. Asteria na rafiki yake Jenifer wakaanzia mahali pa tangi. Walipigilia kigingi, wakapima, wakasogea, wakapigilia kingine kwenye kimo kilekile, wakilizunguka bonde. Miiba iliwachana, ukungu ukawalowesha. Jua lilipozama, kigingi cha mwisho kilikuwa mbali sana chini ya shule.

"Tumeshinda!" Jenifer alipiga kelele.

Asteria alikuwa akiutazama mpira. "Kuna hewa humu ndani. Vipimo vyetu si sahihi."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na mimi ndiye niliyebisha."

Jumatano waliutoa mpira hewa yote, wakaanza upya tangu kigingi cha kwanza. Safari hii cha mwisho kilisimama mita mbili chini ya shule. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko ya jana, lakini ilikuwa ya kweli.

Alhamisi wanaume walipofika na majembe, walimkuta Asteria amesimama katikati ya eneo la msingi.

"Toka hapo, mtoto!" alisema Mzee Sadock.

"Sitoki, babu, mpaka ufuate vigingi vyangu."

Mzee alikunja uso, lakini akavifuata, Wilbard akikagua kimoja baada ya kingine. Kwenye cha mwisho mzee alisimama, akainua kichwa kuitazama shule iliyokuwa juu yake.

"Hamisheni majembe," alisema hatimaye. "Tunapanda juu zaidi."

Miezi miwili baadaye bomba la shule lilifunguliwa, maji yakatoka kwa nguvu. Mzee Sadock akawaambia wanafunzi:

"Maji hayajali umri wala cheo changu. Yanafuata kimo cha ardhi tu, nami sikukipima. Asteria alibisha, kisha akapima. Jenifer aliniambia kwamba alipokosea, alipima tena bila kulazimishwa na mtu. Mkitaka kunibishia, nibishieni hivyo."