Uzi Chini ya Cherehani

Kila jioni mama alipozima pasi na kufunika cherehani yake, kazi yangu ndiyo ilianza. Nilichukua sumaku iliyofungwa kwenye kamba, nikaiburuta sakafuni kuokota sindano na pini. Kisha nilifagia nyuzi na vipande vya vitambaa, mpaka chini ya meza. Nikimaliza, mama aliuliza, "Sakafu?" nami nikajibu, "Safi!" Hapo ndipo alipofungua mlango wa nyuma ili paka wetu wawili waingie.

Walikuwa ndugu wa tumbo moja, jike na dume. Jike tulimwita Pindo, kwa kuwa alipenda kujikunja miguuni pangu. Dume alikuwa na doa jeusi la mviringo kifuani, basi akaitwa Kifungo. Pindo alikuwa wangu kabisa. Nikikaa tu, yeye keshapanda mapajani, anakoroma kwa raha. Kifungo hakutaka mazoea na mtu. Ukimnyooshea mkono aliutazama, akageuka, akaenda zake.

Jambo hilo lilimshangaza sana mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye alishona pamoja naye.

"Hawa wamebadilishana tabia," alisema. "Paka dume ndiye mwenye mapenzi. Jike akishakua anajifanya bibi mkubwa, hagusiki. Ngojeni tu, mtaniambia."

"Hayo umeyasoma wapi?" mama alimtania.

"Nimefuga paka mimi, dada. Wewe umefuga cherehani."

Tulicheka sote. Mimi nilicheka zaidi na kuongeza maneno yangu kumi, maana sikujua kunyamaza. Ndiyo sababu nyumbani waliniita Kasuku.

Siku moja mama na mama mdogo walikuwa wameshona sare za shule tangu asubuhi, na sakafu ilijaa nyuzi nyekundu. Rafiki zangu walikuwa nje wakiruka kamba, wakiniita. Nilipitisha sumaku haraka haraka, nikauegemeza ufagio ukutani bila kuutumia.

"Sakafu?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Safi!" nilijibu, nikatoka mbio.

Niliporudi, Pindo alikuwa chini ya cherehani. Uzi mrefu mwekundu ulikuwa ukiingia kinywani mwake kidogo kidogo. Kabla sijainama kuushika, ulikuwa umeisha wote. Alijilamba midomo, akaja kujisugua miguuni pangu kama kawaida yake.

Tangu paka hao walipofika kwetu, mama alituonya mara nyingi kwamba paka akimeza uzi anaweza kufa. Nilijua. Nilifungua kinywa nimwite, kisha nikauona ule ufagio pale ukutani. Nikakifunga kinywa changu. Nilijiambia kwamba uzi ni kitu kidogo, utatoka wenyewe.

Kesho yake Pindo hakupanda mapajani. Alijificha chini ya rafu ya vitambaa, na nilipomgusa tumbo alinikwaruza mkono. Hakuwahi kunifanyia hivyo. Chakula hakukigusa.

"Huyu ana nini?" mama aliuliza.

Mama mdogo alicheka. "Si niliwaambia? Jike ameanza kukua. Ndivyo walivyo."

Mama alinitazama, maana ni mimi niliyemjua Pindo kuliko wote. Nami nikasema, "Ndiyo, mama. Ndivyo walivyo." Mama alikuwa na lundo la sare mbele yake. Akarudi kushona.

Siku ya tatu Pindo alitapika mara mbili. Nilipangusa kabla mtu hajaona. Sikuwa na hamu ya kucheza wala kula, na neno halikunitoka.

"Kasuku wangu, mbona kimya?" mama aliniuliza tulipokuwa mezani. Laiti angeuliza mara ya pili, ningesema yote. Lakini mama mdogo alinijibia.

"Mwache, dada. Msichana akianza kukua huwa hivyo. Ndivyo walivyo."

Mama akaridhika, akanisogezea sahani. Machozi yalinilengalenga, nikainamisha kichwa.

Asubuhi ya siku ya nne nilimkuta Kifungo ameketi kando ya rafu, akimlamba dada yake masikio. Pindo aliponiona alijaribu kusimama. Miguu ya nyuma ilimkataa. Akajikokota hivyo hivyo hadi nilipokuwa, akajikunja juu ya nyayo zangu. Pamoja na maumivu yake yote, alikuja kwangu mimi niliyekuwa nikimwangalia akiumwa na kunyamaza.

"Mama!" nilipiga kelele. "Pindo alimeza uzi! Siku ile ya sare! Sikufagia, mama, nilikudanganya!"

Mama hakunigombeza. Alimviringisha Pindo katika kipande cha kitambaa kilichokuwa mezani, akamwita mama mdogo, tukaondoka sote watatu, nusu tukitembea, nusu tukikimbia.

Daktari wa mifugo alikifungua kinywa cha Pindo, akaunyanyua ulimi kwa kidole. Uzi mwekundu ulikuwa pale, umejizungusha chini ya ulimi.

"Umenasa hapa, na ncha nyingine imeshuka hadi kwenye utumbo," alisema. "Kwa siku ngapi?"

"Tatu," nilijibu.

Alimpasua ili ajaribu kumwokoa. Tulisubiri kwenye benchi hadi karibu saa sita mchana. Alipotoka, glavu zake alikuwa ameshazivua, akatikisa kichwa, nasi tukajua kwamba Pindo amekufa.

Mama mdogo alikuwa wa kwanza kusema. "Daktari, mimi nilidhani ni tabia za jike tu. Nilisema majike ndivyo walivyo."

"Wengi husema hivyo," daktari alijibu kwa upole. "Wengine huniambia madume ndio wakali. Ni kweli dume asiyehasiwa huzurura na kupigana, na jike naye hubadilika anapotafuta dume. Lakini mapenzi ya paka hutegemea zaidi alivyolelewa tangu mdogo, na jinsi alivyo yeye mwenyewe. Paka mpole akianza kukwaruza na kujificha, mara nyingi anaumwa."

Tulimzika Pindo nyuma ya nyumba. Kifungo alikinusa kile kitambaa kwa muda mrefu, kisha akazunguka rafu ya vitambaa akilia. Nililia hadi kichwa kikauma. Mama akaja kuketi sakafuni kando yangu.

"Ungeniambia siku ile ile, pengine tungemwokoa," alisema. "Siwezi kukuficha hilo, mwanangu."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na mimi pia nina kosa. Niliambiwa ndivyo walivyo nikakubali, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi na jibu lilikuwa rahisi. Kisha wewe ukanyamaza siku nzima mbele yangu, nikaambiwa maneno yale yale, nikakubali tena. Mtoto wangu alikuwa anaumia nami nikamsogezea sahani."

Mama mdogo alisimama mlangoni akifuta macho. Hakuwa na utani siku hiyo.

"Sikiliza," mama akaendelea. "Kiumbe yeyote akibadilika, awe jike au dume, mtu au mnyama, usiseme ndivyo walivyo. Mtazame yeye mwenyewe, uulize ana nini. Na ukikosea, niambie siku hiyo hiyo. Nitakasirika, ndiyo. Lakini hasira yangu hupita. Pindo harudi."

Tangu siku hiyo sikuwahi kuuacha ufagio ukutani bila kuutumia. Kifungo hakuwa Pindo, wala sikumlazimisha. Hapandi mapajani hadi leo. Ila alianza kulala karibu na kiti changu, hatua moja hivi, nami nilijifunza kwamba hiyo ndiyo namna yake. Akikaa mbali zaidi ya hapo, namwangalia masikio, kinywa na sahani yake.

Jioni moja nilichelewa kwa sababu ya mazoezi ya shule. Nilikuwa nimefagia nusu tu, na nje rafiki zangu walikuwa wakiniita.

"Sakafu?" mama aliuliza.

"Bado, mama," nilijibu.

"Haya, tunakungoja," alisema, akavuta kiti akaketi. Nyuma ya mlango, Kifungo naye alikuwa akingoja.